Neno Nililoliweka Kwenye Faili la Makori

Kiogoro, alasiri ya Sabato

Kemunto mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuombewa safari yako, nami nimebaki nyumbani nikisingizia goti. Goti haliumi. Nimebaki ili nikuandikie, kwa sababu kesho ukishaondoka sitaupata tena ujasiri huu, na kwa mdomo siwezi kabisa. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyoitumia ofisini mpaka nikastaafu. Kwa Ekegusii maneno haya yananikwama kooni. Ndiyo lugha niliyokubembelezea ulipokuwa mchanga, na sitaki kuichafua.

Mambo ya blanketi, ya chakula cha njiani na ya nani atakupokea Nairobi, mama yako amekwisha kukuambia mara kumi. Mimi nataka kukueleza kazi unayokwenda kuifanya kama nilivyoijua mimi, halafu nikueleze nilichomtendea Makori, mtoto wa yule bibi jirani yetu, Mong'ina Sabina.

Siku uliyoleta habari kwamba umechukuliwa kuwa karani wa masjala, kwenye ofisi inayotunza ripoti za watu wanaochunguzwa kabla ya kuaminiwa siri za serikali, mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye migomba hadi nikaitwa chakula. Ulidhani nilikuwa nalia kwa furaha. Ukaniletea maji.

Utafundishwa habari za ngazi za siri, lakini watakufundisha kwa maneno makavu. Karatasi ya ngazi ya chini kabisa ni ile ya matumizi ya ndani. Ikivuja, mkubwa fulani ataaibika na kazi itachelewa. Inayofuata ni ya faragha, ambayo ikivuja kuna mtu ataumia au ofisi itavurugika. Juu yake kuna siri, ambayo ikitoka inaumiza nchi nzima. Na juu kabisa kuna siri kuu, ambayo ikitoka watu wanaweza kufa hata wasijue kilichowaua. Kila ngazi ina uchunguzi wake. Kwa ile ya chini wanatazama alama za vidole, cheti cha mwenendo mwema na barua ya chifu, basi. Lakini kadiri unavyopanda, ndivyo wao wanavyoteremka. Wanarudi kwenye shule uliyosoma, wanakwenda kwa wale mliokaa nao chumba kimoja chuoni, wanakuja kijijini, mpaka wanafika kwa jirani anayeuona moshi wa jiko lenu kila asubuhi.

Na kibali peke yake hakitoshi. Mimi nilikuwa na kibali cha siri. Nilifanya kazi mjini Kisii katika chumba chenye mlango wa chuma na makufuli mawili, ufunguo mmoja kwangu na mwingine kwa mkubwa wangu. Hata hivyo, faili ambalo halikuhusu kazi yangu ya siku ile sikuruhusiwa kuligusa, kama tu mtu wa sokoni asivyoruhusiwa. Kila aliyefungua faili aliandika kwenye daftari jina lake, saa, na sababu. Lazima uwe na kibali, na lazima uwe na haja. Tena kibali si cha maisha. Baada ya miaka kadhaa wanakuchunguza upya, na wanaweza kukunyang'anya kwa siku moja tu. Anayenyimwa, siku zetu zile, hakuambiwa sababu. Anapata barua ya mistari miwili. Hajui ni nani aliyesema, wala alisema nini.

Nayajua haya kwa sababu mimi mwenyewe niliipata barua ya namna hiyo. Wewe hukuwa umezaliwa. Mkubwa wa masjala alikuwa anastaafu, na aliyestahili kushika nafasi yake ni mimi, ila kiti kile kilihitaji kibali cha siri kuu. Nilijaza fomu. Nikangoja miezi mingi. Wakaniandikia kwamba ombi langu halikufaulu. Akaletwa kijana kutoka wilaya nyingine, na mimi nikamfundisha kazi.

Sikuwahi kujua ni nani aliyenisema. Kwa hiyo niliwashuku wote. Nilimshuku chifu, nikamshuku mzee wa kanisa, nikamshuku hata kaka yangu Nyamweya, ambaye tuligombana juu ya mpaka wa shamba mwaka ule ule. Niliacha kula kwake. Alipougua nilikwenda kumwona mara moja tu, na nikasimama mlangoni. Alikufa tukiwa hivyo. Pengine hakuwa yeye. Pengine hakuwa mtu yeyote, ila karani aliyekosea jina. Sitajua kamwe, na hilo ndilo lililonifanya kuwa mtu niliyekuwa siku ile wachunguzi wa Makori walipokuja.

Wewe Makori unamjua kama mtu anayelala kando ya njia ya kituo cha kupimia chai. Lakini jaribu kukumbuka ukiwa darasa la saba. Ni yeye aliyekufundisha hesabu za sehemu, akija likizo kutoka Nairobi, akikaa nawe kwenye benchi la nje huku amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano ya serikali. Kijana mpole, hana makuu. Baba yake alikwisha kufa, na Mong'ina Sabina alimsomesha kwa kuuza ndizi sokoni Ogembo na mjini Kisii.

Mwaka ule Makori alichaguliwa kwenda kitengo kinachohitaji kibali cha siri kuu. Alikuja mwenyewe kuniambia, kwa heshima. Akasema, "Mzee, nimeandika jina lako kati ya watu wanaonifahamu. Wewe ni mtu wa serikali, wataliheshimu neno lako."

Nikamwambia, "Umefanya vyema." Na ndani ya moyo wangu kitu kikageuka. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, bado niko kwenye kiti kile kile. Yeye hakuwa amefika thelathini.

Wachunguzi walikuja Jumanne, mwanamume na mwanamke. Mama yako alikuwa shambani akichuma chai. Niliwakaribisha, nikawachemshia chai mwenyewe. Walikuwa watu wastaarabu. Waliuliza kama Makori analewa, nikasema hapana. Kama ana ugomvi na watu, hapana. Kama anapenda kujionyesha, hapana. Mwanamke alikuwa akiandika. Akaifunga kalamu yake, na mimi nikaona kwamba imekwisha, kijana amepita, na nimeulizwa maswali yale yale ambayo mtu fulani aliulizwa juu yangu.

Nikasema, "Ni kijana mzuri. Ila..."

Mwanamume akainua macho. "Ila nini, mzee?"

"Ila kuna gari la namba za Tanzania huja pale kwao. Mimi siulizi ni la nani."

Mwanamke akaifungua kalamu tena.

Kemunto, nililijua gari lile. Lilikuwa la mchumba wa Nyaboke, dada yake Makori, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Tarime. Siku alipokuja kujitambulisha nilikuwapo, nilikula nyama, nilitoa hata ushauri. Yule mwanamume aliniuliza, "Kwa hiyo huwafahamu hao watu?" Nikajibu, "Siwezi kusema nawafahamu." Hakuna neno hata moja la uongo hapo, na ndivyo nilivyojitetea kwa miaka. Nani anaweza kusema kwamba anamfahamu mtu? Lakini mimi nilikuwa karani wa siri. Kati ya watu wote wa kijiji hiki, ni mimi peke yangu niliyejua uzito wa sentensi moja ikishawekwa kwenye faili. Jirani mwingine angeropoka, asamehewe. Mimi nilipima.

Walipoondoka niliosha vikombe. Nilijisikia mwepesi. Sitakuficha hilo.

Baada ya miezi minne au mitano Makori alipata barua ya mistari miwili. Hakunyimwa kile kitengo tu. Walimwondoa hata kwenye mitambo aliyokuwa akiishughulikia, wakamweka meza ya kupokea wageni, na mkataba wake ulipokwisha hawakuuandika upya. Alirudi nyumbani na sanduku moja. Jioni ya pili akaja hapa.

"Mzee," akaniambia, "wewe umekaa na haya mambo. Mtu akinyimwa, anaweza kuuliza kwa nini?"

"Anaweza kuuliza. Hawajibu."

"Waliponiita mara ya mwisho waliniuliza juu ya gari. Gari la Tanzania. Nikashangaa. Fomu iliuliza kama nina ndugu wa nchi nyingine, na mimi niliandika hapana. Ng'ombe wa mahari walikuwa hawajaletwa, mzee. Ningemwandikaje kama shemeji na bado ni mgeni?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kuwa na shemeji Mtanzania si kosa. Angemwandika tu, wangemtazama, wangeendelea. Lakini fomu ilisema hapana, na jirani mwenye cheo chake serikalini alisema kuna gari. Kwao hilo halikuwa tena gari. Lilikuwa kijana anayeficha. Na kwenye kazi ile wanaweza kusamehe karibu kila kitu, hata ulevi, hata jela ya ujana, lakini hawasamehi kufichwa jambo.

"Sijui nani aliwaambia," Makori akasema. Alikuwa ananitazama kama mtoto anavyomtazama daktari.

Nilikuwa na nafasi. Barua ilikuwa mbichi, rufaa ilikuwa inaruhusiwa. Ningesema, "Ni mimi, na kesho tunakwenda wote Nairobi nikaandike upya." Badala yake nilisema, "Lete karatasi, tuandike barua ya rufaa." Nikamwandikia, kwa Kiingereza changu kizuri cha masjala. Alinishukuru sana. Mong'ina Sabina alituletea ndizi mkungu mzima, akasema Mungu amewapa jirani mwenye elimu. Mlizila wewe na mama yako wiki nzima. Mimi nilisema tumbo linanisumbua.

Rufaa ilijibiwa kwamba uamuzi wa kwanza haubadiliki. Yaliyobaki umeyaona kwa macho yako. Aliomba kazi kwenye kampuni mbili tatu, na kila mahali walitaka kujua kwa nini aliondoka serikalini, na yeye hakuwa na jibu kwa sababu hakupewa. Mtu asiye na jibu huonekana ana hatia. Mkewe alikaa mwaka mmoja akarudi kwao Nyamira na mtoto. Makori akaanza kuchuma chai ya watu, halafu kulewa chang'aa. Mikono iliyokuwa ikishika nyaya nyembamba kama nywele sasa haiwezi kupeleka kikombe mdomoni bila kumwaga. Na kila asubuhi tukikutana njiani alivua kofia. "Mzee, umeamkaje?" Miaka kumi, Kemunto. Hakukosa hata siku moja.

Sasa nakuja kwako. Mwezi wa tatu, ulipokuwa umejaza fomu zako, wachunguzi walikuja tena Kiogoro, wengine, vijana. Kwangu hawakuja, maana mimi ni baba. Walikwenda kwa Mong'ina Sabina. Walikaa kwake muda mrefu, na mimi nilikuwa kwenye chai upande wa juu nikiwaona wameketi uani. Nilishindwa kuchuma. Nilingoja nilipwe.

Jioni alipita hapa na fimbo yake. Akaniita kutoka langoni, "Baba Kemunto! Wale watu wamekuja kuuliza mtoto wetu."

"Ukawaambia nini, mong'ina?"

"Niwaambie nini? Nimewaambia huyo msichana nimemwona tangu siku alizaliwa. Nimewaambia hata kama hamjui mtoto, angalieni baba. Huyo mzee hawezi kudanganya mtu." Akacheka. "Wakaandika yote."

Kibali chako kilitoka kwa sababu hizo. Mengine yapo, masomo yako, mwenendo wako, lakini kuna ukurasa humo ndani uliosimama juu ya neno la mama yule, na yeye alilisimamisha neno lake juu yangu.

Sikuweza tena baada ya hapo. Siku chache baada ya kibali hicho kutoka niliiandikia ofisi iliyomchunguza Makori. Nilieleza kila kitu, gari, mchumba, nyama niliyokula, nikatia sahihi. Hawakujibu. Niliandika tena. Kimya. Na nilijua watanyamaza. Masjala haifuti, inaongeza. Barua yangu, kama imefika, imewekwa nyuma ya ripoti ya zamani, na yeyote atakayezisoma zote mbili atasema mzee amezeeka, jirani zake wamemlilia, amebadili maneno. Neno la kwanza hutolewa wakati mtu hana haja. Ndilo linaloaminiwa.

Halafu nikaenda kwa Makori. Nilimvizia saa ya asubuhi, kabla hajanywa. Alikuwa ameketi nje akifunga kamba ya kikapu chake cha chai. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, bila kupumzika. Alisikiliza huku akifunga ile kamba. Alipomaliza kuifunga akaifungua, akaanza tena.

"Mzee," akasema mwishowe, "sasa hiyo itanisaidia na nini?"

Nilimwambia nimewaandikia. Akatikisa kichwa. "Hata wakiniita kesho, nitaenda na hii mikono?" Akaniinulia mikono yake niione.

Nikamwambia nitamwambia na mama yake. Hapo ndipo aliposimama, mara ya kwanza kumwona na hasira. "Usimwambie mama! Yeye anaamini ni makosa ya kompyuta. Kila Jumapili anaomba waione hiyo makosa. Ukimwambia ni wewe, ataomba nini? Na ni nyumba ya nani atakimbilia akianguka usiku? Ni yako tu iko karibu." Akabeba kikapu chake. Alipofika njiani aligeuka. Hakuvua kofia. Akasema, "Umengoja mpaka mtoto wako apite."

Ni kweli. Nilijiambia sivyo, nikajitetea mwenyewe wiki nzima, lakini ni kweli. Barua yangu ya kwanza niliipeleka posta siku tatu baada ya wewe kuniambia kwamba umepita.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho karibu nikuombe. Ulipotaja ofisi utakayofanya kazi, nilipokuwa kule kwenye migomba, wazo lililonijia ni hili: Kemunto atakuwa ndani ya chumba kile. Atalitafuta faili. Ataona kama barua zangu ziliwekwa. Pengine ataliweka mezani kwa mtu mwenye moyo. Nimeibeba hamu hiyo wiki zote hizi, na mara mbili nilifungua kinywa nikuambie.

Sikuombi. Nakukataza. Utakuwa na kibali, lakini hutakuwa na haja, na daftari litaandika jina lako na saa yako, na sababu utakayoandika itakuwa ya uongo. Watakutoa siku hiyo hiyo, na ukienda mahakamani watakuwa na haki. Makori hatarudishiwa kitu. Nitakuwa nimemaliza watoto wawili kwa faili moja. Na likikujia kwa bahati, kwa kazi halali, mwambie mkubwa wako kwamba linakuhusu, lipewe mwingine. Usilisome. Jina langu liko humo, na mwandiko wa yule mwanamke ni mzuri, unasomeka.

Utasoma mengine mengi. Utamkuta mzee wa kijiji fulani, mwalimu fulani, mama mwenye nyumba, amemsifu kijana ukurasa mzima, halafu mwishoni kuna neno dogo. Hutakuwa na uwezo wa kumwokoa kijana huyo. Karani hana uwezo huo, sikudanganyi. Kazi yako itakuwa kutia namba na kufunga. Utafunga, utakwenda kula chakula cha mchana. Mimi nilifunga mafaili mangapi, na nyuma ya kila moja palikuwa na mtu kama mimi aliyeosha vikombe akajisikia mwepesi. Sikuwahi kuwafikiria. Sijui kama kuwafikiria kungebadilisha chochote. Nadhani hapana.

Nilitamani kukuandikia barua ambayo baba wengine wanaandika, ukaiweka kwenye Biblia yako ukaisoma ukiwa mpweke. Hii usiiweke popote. Isome mara moja, uichome, kwa sababu mtu wa kazi yako hapaswi kukutwa na karatasi kama hii. Mama yako hajui lolote. Uamuzi wa kumwambia nakuachia wewe, maana mimi nimeonyesha jinsi ninavyoamua.

Nawasikia mnakuja, mama yako anaimba. Mong'ina Sabina yuko nanyi, nasikia sauti yake. Yeye ni Mkatoliki, misa yake ni kesho, lakini amekuja leo kukuombea na Waadventista. Nitatoka niwapokee, tutakula, na kesho nitakubebea sanduku mpaka barabarani kama baba yeyote. Nitaisukuma barua hii chini ya nguo zako, utaikuta huko.

Ukishaisoma, usinipigie simu siku hiyo. Mpigie mama yako, mwambie umefika salama. Mimi ngoja mpaka siku utakayoweza kuniita Tata kwa Ekegusii chetu bila kujilazimisha. Ikichelewa, iache ichelewe. Na isipokuja, nitaelewa, na sitamuuliza mtu yeyote sababu.

Baba yako